Mizani inapogoma: Kwa nini uzito hukwama hata baada ya ugali kupunguzwa

KWA wakazi wengi wa Muhuru Bay, mji wa wavuvi ulio kwenye pembe ya kusini magharibi ya Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, kupunguza vyakula vya wanga kuna maana moja: kupunguza ugali.

Vyakula vya kuchukua nafasi yake vipo. Omena, ngege na mbuta hutua ufuoni, na mboga za kienyeji hupatikana sokoni. Anayeshauriwa kupunguza wanga kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya magoti halazimiki kutafuta vyakula vya kigeni katika maduka makubwa ya mijini.

Aidha, mwanzo wa safari hii huwa wa kutia moyo. Katika majuma mawili ya kwanza, kilo mbili au tatu huweza kutoweka. Nguo hulegea, pumzi hurejea, na jamaa huanza kuuliza siri ni nini.

Kisha mizani hugoma. Aghalabu karibu na mwezi wa sita, na kwa wengine mapema zaidi, uzito husimama pale pale juma baada ya juma, ilhali mhusika anaamini kwamba hajabadilisha chochote katika mlo wake.

Hapo ndipo wengi hukosea njia. Baadhi hukata tamaa na kurudia sahani ya zamani, na kilo zote hurudi. Wengine huamua kushinda njaa, au hununua vidonge na majani ya chai yanayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha mafuta. Makundi yote mawili huongozwa na dhana moja, kwamba mlo umeshindwa kufanya kazi.

Ukweli ni kwamba kukwama kwa uzito ni sehemu ya kawaida ya kupungua. Anayeelewa jinsi hali hiyo inavyotokea huweza kuikabili bila kujidhuru.

Suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015, ulibaini kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5.

Maji hutangulia, mafuta hufuata

Mwili wa binadamu huweka akiba ya sukari, iitwayo glaikojeni, katika ini na misuli. Kwa mtu mzima akiba hiyo hufikia kati ya gramu 400 na 500, na kila gramu moja hushikilia takriban gramu tatu za maji.

Mtu anapopunguza wanga, akiba hii hutumika na maji yake hutoka. Kiwango cha homoni ya insulini pia hushuka, na figo huanza kuachilia chumvi na maji zaidi. Ndiyo sababu mizani hushuka kwa kasi katika siku za mwanzo, kabla mafuta mengi hayajaguswa.

Mafuta ya mwilini huyeyuka polepole. Kupungua kwa nusu kilo kwa juma ni hatua nzuri, lakini kwa aliyezoea kupoteza kilo mbili kwa majuma mawili, mwendo huo huonekana kama kusimama.

Kinyume chake pia ni kweli. Mlo mmoja wa harusini, wenye wali, chapati na soda, huweza kurejesha glaikojeni na maji yake, na mizani ikapanda kwa kilo moja au zaidi kufikia asubuhi. Kilo hiyo si ya mafuta, na huondoka baada ya siku chache mtu akirejelea mlo wake.

Chumvi nayo ina nafasi yake. Watafiti waliwafuatilia Waluo waliohamia Nairobi kutoka mashambani magharibi mwa Kenya na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1990 yalionyesha kwamba shinikizo la damu na uzito wa wahamiaji vilikuwa juu zaidi muda mfupi tu baada ya kufika mjini. Watafiti hao walihusisha hali hiyo na mabadiliko ya mlo: chumvi na kalori zaidi, na potasiamu kidogo.

Mwili mdogo, mahitaji madogo

Sababu kuu ya uzito kukwama ni hesabu ya nishati. Mwili mzito hutumia kalori nyingi kujiendesha, kama lori lililosheheni linavyotumia mafuta mengi kuliko pikipiki. Mwili ukipungua, mahitaji yake hupungua pia.

Mwaka wa 2016, Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya nchini Marekani walikadiria kwamba kila kilo moja inayopotea hupunguza matumizi ya nishati ya mwili kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kwa hivyo, mwanamke aliyeshuka kutoka kilo 95 hadi kilo 85 anahitaji takriban kalori 200 hadi 300 pungufu kila siku kuliko alivyohitaji mwanzoni.

Kiasi hicho kinakaribia kalori zilizomo katika vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kupikia. Mlo uliomfanya apungue akiwa na kilo 95 ndio huo huo unaomtosha sasa akiwa na kilo 85. Hajavunja kanuni yoyote, lakini pengo lililokuwa likiyeyusha mafuta limejiziba.

Hesabu ya watafiti hao ilikuwa na upande wa pili, ulio mzito zaidi. Kwa kila kilo inayopotea, hamu ya kula huongezeka kwa takriban kalori 100 kwa siku. Njaa, kwa hiyo, hupanda kwa kasi kuliko matumizi ya mwili yanavyoshuka.

Njaa hii haiji kwa kishindo. Hujitokeza kama tonge la ziada, konzi ya njugu wakati wa kupika, au kikombe cha pili cha chai ya maziwa. Mhusika husema kweli anaposema kwamba anakula kama zamani, kwa kuwa nyongeza yenyewe ni ndogo mno kukumbukwa.

Ujuzi huu si mpya. Mwaka wa 1944 na 1945, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kwa miezi sita. Kadiri walivyokonda, miili yao ilipunguza matumizi ya nishati, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula mchana na usiku.

Je, kupunguza wanga hukwepa kanuni hii? La hasha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwagawa watu wazima 609 katika makundi mawili, moja la wanga kidogo na jingine la mafuta kidogo. Baada ya miezi 12, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza wastani wa kilo 6.0 na la pili kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu.

Hata dawa za kisasa za kupunguza unene hukumbana na ukuta huu. Katika majaribio ya semaglutide yaliyochapishwa mwaka wa 2021, washiriki walipoteza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika majuma 68, lakini mwendo wa kushuka ulikuwa umefifia kabla ya muda huo kwisha.

Je, uzito umekwama kweli?

Kabla ya kubadilisha chochote, inafaa kuthibitisha kwamba uzito umekwama. Mizani ya kila siku hupotosha, kwa sababu uzito hupanda na kushuka kutokana na maji, chumvi, haja kubwa na, kwa wanawake, siku za hedhi.

Njia bora ni kupima siku ile ile ya juma, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula, kwa mizani ile ile. Asiye na mizani nyumbani aweza kutumia ile ya kituo cha afya, mradi asibadilishe vituo kila mara.

Kiuno nacho kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa hatari ya maradhi huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa kinapozidi sentimita 88 na 102 mtawalia.

Iwapo kiuno kinaendelea kupungua ilhali uzito umesimama, mafuta bado yanaondoka. Iwapo vyote viwili havijabadilika kwa majuma manne hadi sita, hapo uzito umekwama, na ni wakati wa kuchunguza sahani.

Wanga uliojificha

Mlo wenye wanga kidogo kwa kawaida huwa na chini ya gramu 130 za wanga kwa siku, na ule mkali zaidi huwa kati ya gramu 20 na 50. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Bonge la ugali lililosongwa kwa gramu 170 za unga humaliza mgao wa siku nzima.

Kandokando ya ziwa, wengi huacha ugali mweupe na kurudia ule wa mtama na muhogo waliorithi kwa wazee. Mtama una nyuzinyuzi zaidi kuliko unga wa mahindi uliokobolewa, na hiyo ni faida. Hata hivyo, wanga wake unakaribiana na wa mahindi, na unga wa muhogo huwa na wanga mwingi zaidi, zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100. Kubadilisha rangi ya ugali bila kubadilisha kipimo hakupunguzi wanga.

Vivyo hivyo kwa viazi vitamu, nyoyo, uji na ndizi. Embe moja kubwa laweza kuwa na gramu 30 za sukari au zaidi, na chupa ya soda ya mililita 300 ina kiasi kama hicho. Kila kijiko kidogo cha sukari katika chai huongeza gramu nne, na anayekunywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja hufikisha gramu 48 kabla ya kula chochote.

Ugumu mwingine hutokana na desturi ya kula pamoja. Ugali unapowekwa katikati ya meza na kila mmoja akamega, hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Ufumbuzi mwepesi ni kukata kipande cha mhusika na kukiweka pembeni kabla ya wengine kuanza, bila kuwanyima wala kuwapikia chakula tofauti.

Mafuta na njugu

Wanga ukishapungua, macho yageukie mafuta. Hapa ndipo wengi wanaokula samaki kila siku hukwama bila kujua.

Samaki wa kuchemshwa kwa nyanya na vitunguu, wa kubanikwa au wa kukaushwa juani hana wanga wowote wa kuhesabu na hushibisha. Lakini katika nyumba na hoteli nyingi, ngege na mgongo wazi hukaangwa kwa mafuta tele, kisha hurudishwa katika mchuzi uliotiwa mafuta mengine. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina takriban kalori 120, na sufuria ya mchuzi huweza kumeza vijiko vitano bila mpishi kushtuka.

Mboga nazo hupitia mkondo huo. Mnavu, mgagani, majani ya kunde na mlenda, ambazo Waluo huziita osuga, dek, boo na apoth, zina kalori chache mno zikiwa shambani. Zikilazwa katika maziwa au mtindi mzito, au kukaangwa kwa mafuta mengi, huwa chakula kingine kabisa.

Njugu ni mtego mwingine. Huaminika kuwa chakula kizuri kwa anayeepuka wanga, na kwa kweli zina protini na mafuta yenye manufaa. Hata hivyo, gramu 100 zake zina takriban kalori 570. Anayetafuna konzi tatu akingoja gari hula kalori za mlo mzima.

Njia rahisi ya kuugundua mtego ni kuandika kila kinachopita mdomoni kwa siku saba, pamoja na vinywaji, na kupima unga na mafuta kwa kijiko au kikombe kabla ya kupika.

Siku tano na siku mbili

Daftari hilo la siku saba halipaswi kuruka Jumamosi na Jumapili. Katika eneo la Nyanza, mwisho wa juma ni wakati wa matanga, harusi, harambee na wageni. Vyakula vya siku hizo ni wali, mandazi, chapati, nyama na soda, na kukataa chakula cha mwenyeji huonekana kuwa utovu wa heshima.

Hesabu yake ni nyepesi. Aliyejinyima kalori 300 kwa siku tano huokoa kalori 1,500. Akizidisha kalori 750 Jumamosi na 750 Jumapili, akiba yote imekwisha. Jumatatu atashangaa kwa nini mizani haijasonga, ilhali alijitahidi siku nyingi kuliko alizolegeza kamba.

Haimlazimu kususia matanga. Aweza kuanza na nyama na mboga, akachukua kipande kimoja cha chapati badala ya viwili, na akaomba maji mahali pa soda. Pombe nayo ihesabiwe, kwani gramu moja ya kileo ina kalori saba, karibu mara mbili ya gramu moja ya sukari.

Protini, misuli na usingizi

Baada ya kuziba mianya hiyo, hatua inayofuata ni kulinda misuli. Mtu anayepungua hupoteza mafuta pamoja na sehemu ya misuli, na misuli ikipungua mwili hutumia nishati kidogo zaidi.

Kinga yake ya kwanza ni protini katika kila mlo. Wakazi wa ufuoni wana bahati, kwa sababu takriban nusu ya uzito wa omena waliokaushwa au zaidi ni protini, na bei yao huwa nafuu kuliko ya nyama. Mayai, maharagwe kwa kiasi, na samaki wabichi hukamilisha orodha. Protini pia hushibisha kwa muda mrefu, jambo linalosaidia kuizima ile njaa inayorudi kimya kimya.

Kinga ya pili ni kazi inayokaza misuli. Kulima, kubeba maji na kuvuta nyavu ni mazoezi, lakini mwili ulioyazoea hauongezi tena misuli kwa ajili yake. Kuinuka na kuketi kitini mara nyingi, kupanda mlima kwa mwendo wa haraka au kuinua vitu vizito hatua kwa hatua huupa mwili jambo jipya la kushindana nalo.

Hata hivyo, si busara kutegemea mazoezi pekee. Mwaka wa 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Watu hao hutembea masafa marefu kila siku. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya.

Mwili, kwa maneno mengine, hubana matumizi kwingine pale unapofanya kazi nyingi. Mazoezi huimarisha moyo, hushusha sukari na husaidia uzito uliopungua usirudi, lakini hayafuti sahani iliyojaa kupita kiasi.

Usingizi husahaulika zaidi. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na wanawake wanaonunua na kuanika samaki hao huamka kabla ya alfajiri kusubiri mashua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 na watafiti wa Chicago ulionyesha kwamba watu waliokuwa wakipunguza chakula walipolala saa tano na nusu badala ya saa nane na nusu, kiasi cha mafuta walichopoteza kilipungua kwa asilimia 55, ingawa uzito walioupoteza kwa jumla ulilingana. Walipoteza misuli zaidi, na njaa yao ikaongezeka.

Asiyeweza kulala usiku kwa sababu ya kazi anahitaji kutenga saa za kulala mchana, katika chumba chenye giza, kama anavyotenga saa za kazi.

Dawa na maradhi

Wakati mwingine sababu haimo jikoni. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za maradhi ya akili, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, huweza kuzuia uzito usipungue. Tezi ya shingoni inayozalisha homoni chache mno pia huleta hali hiyo.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa zilizo na viwango vya juu vya maambukizi ya virusi vya ukimwi nchini, kuna jambo jingine la kuzingatia. Dolutegravir, dawa inayotumiwa sasa na Wakenya wengi wanaoishi na virusi hivyo, imehusishwa na ongezeko la uzito. Tafiti za Afrika Kusini na Kameruni zilizochapishwa mwaka wa 2019 zilionyesha hali hiyo, na nchini Afrika Kusini wanawake ndio walioathirika zaidi.

Hilo si sababu ya kuacha dawa. Dawa hiyo hudhibiti virusi vizuri, na kuiacha ni hatari kubwa kuliko kilo kadhaa za ziada. Anayeona uzito wake umegoma azungumze na mhudumu wa kliniki yake, na asibadilishe dozi yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tahadhari hiyo inawahusu pia wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyoisukuma. Wakipunguza wanga zaidi bila dozi kurekebishwa, sukari yao huweza kushuka ghafla na kuhatarisha maisha. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya figo hawapaswi kufuata mlo huu bila ushauri wa daktari.

Macho ya jirani

Kuna mzigo mwingine usiopimwa kwa mizani. Katika ukanda wa Ziwa Victoria, kukonda kulibeba maana nzito tangu miaka ya themanini. Mwaka wa 1985, madaktari waliochapisha habari za ugonjwa mpya katika wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, walieleza kwamba wenyeji walikuwa wameupa jina la Slim kwa sababu ya jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Ugonjwa huo ulikuwa ukimwi.

Kumbukumbu hiyo haijafutika. Anayepungua kilo kumi huulizwa kwa sauti ya chini kama ana shida, na uzito unaposimama, jamaa hushukuru na kumhimiza ale. Katika hali hiyo, kukwama huwa kisingizio kilichobarikiwa na ukoo mzima cha kurudia mlo wa zamani.

Mhusika hufanya vyema kuwaeleza watu wa nyumbani mapema kwamba anapungua kwa kukusudia na kwa sababu gani. Kwa upande mwingine, anayekonda bila kukusudia hapaswi kujipongeza. Anahitaji kupimwa hospitalini, kwa kuwa kifua kikuu, kisukari na saratani pia hukondesha.

Kufunga mkanda kupita kiasi

Mtego ulio hatari kuliko yote ni wa kuadhibu mwili. Mwaka wa 2016, vipimo vya watu 14 walioshiriki katika shindano la televisheni la kupunguza unene nchini Marekani vilichapishwa. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerejesha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilipokuwa imepumzika ilitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao.

Vidonge visivyojulikana vina hatari zake. Sibutramine, dawa ya kupunguza unene iliyoondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa kuhusishwa na maradhi ya moyo na kiharusi, imewahi kugunduliwa ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama za mitishamba. Bidhaa inayoahidi kuvunja ukwamo kwa juma moja yafaa kukwepwa.

Lini mtu atosheke?

Swali la mwisho ni kama kila ukwamo unafaa kuvunjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2002 uliwahusu watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliofundishwa kulenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila juma walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Wastani wa uzito waliopoteza haukufikia kilo 6.

Kwa mtu wa kilo 95, asilimia 7 haifiki kilo saba. Aliyekwama baada ya kupoteza kilo kumi tayari amepita kiwango hicho. Ikiwa sukari na shinikizo la damu vimeshuka, na magoti hayaumi tena anapopanda kutoka ufuoni, yafaa aamue na mhudumu wake wa afya kama anahitaji kushuka zaidi au kuulinda uzito alioufikia.

Akiamua kuendelea, abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, alipe majuma manne, kisha apime tena: kwanza sukari katika chai, halafu mafuta ya kupikia, kisha mwisho wa juma na usingizi. Akiamua kubaki alipo, atambue kwamba mwili uliopungua utaendelea kudai chakula kwa miezi mingi, na kwamba kuubakiza uzito pale pale mwaka mzima ni kazi kubwa kama ile ya kuupunguza.